Kola Yenye Sikio

3 Machi

Wifi yangu,

Huku wazima, tena wazima wenye kelele. Mama yako amepata meno ya bandia, na tangu siku hiyo kila neno baya analolitoa anayasingizia. Juzi alimwambia jirani kwamba mapazia yake yanafanana na magunia, halafu akafunika mdomo akasema, "Si mimi, ni haya meno, bado hatujazoeana." Jirani akacheka. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia jikoni.

Uliuliza kwa nini sipokei simu. Tangu tumzike kaka yako, miezi minane sasa, tumepigiana simu mara sita, na mara zote sita tumelia mpaka simu zikazimika. Nimeona bora tuandikiane, maana karatasi haina sauti ya kumliza mwenzake. Dereva wa lori la madaftari la kiwanda chenu cha uchapaji amekubali kutubebea barua kila akipita.

Sasa jambo lenyewe. Karakana yetu ya sare za shule, iliyo nyuma ya stoo ya mbao, inatafuta mtu wa kuchora michoro ya kukatia nguo. Hawachori tena kwa chaki kama mimi, wanachora kwenye kompyuta. Nimepewa mpaka tarehe 26 Juni nijifunze, kisha mtihani, kila mtu na mashine yake. Nikifaulu naingia chumba cha michoro. Nikishindwa nabaki kwenye vifungo, na macho yangu unayajua. Siku hizi tundu la sindano nalitafuta kwa kubahatisha.

Basi nikaitoa kabatini laptopu ya marehemu. Niliifuta vumbi, nikaiwasha, ikaniimbia vizuri tu. Shida ni tachipedi, kile kibao cha kuparaza kidole. Mshale unatulia, unatulia, halafu ghafla unakimbilia pembe ya kulia chini kama umeitwa kula. Juzi nilikuwa nachora kola, ukakimbia nayo. Kola ikaota sikio. Sikuliona, nikalipeleka likachapwa, na mkataji wa karakana, mtu mtiifu sana, akalikata hivyohivyo. Sasa lipo shati la mtoto wa darasa la pili lenye kola yenye sikio, limetundikwa mlangoni, na kila anayeingia analiamkia.

Shida ya pili ni uvivu. Hata mshale usipokimbia, nikiparaza kidole unakaa kwanza unafikiri, kama mzee aliyeulizwa umri wake.

Wewe ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo huu. Nisaidie.

Wifi yako wa cherehani


19 Machi

Wifi wa moyo wangu, na wa ini pia,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu. Mimi niko salama. Chumba changu kiwandani kiko pale pale, kati ya mashine ya kukunja karatasi na ile ya kubana pini, kwa hiyo mtu akinisalimu naitikia kwa kuangalia midomo. Mwambie Mama kwamba maneno yale alikuwa nayo tangu akiwa na meno yake ya kuzaliwa, mimi shahidi. Na hilo shati usilitupe. Watoto wasiowasikiliza walimu wavalishwe hilo.

Sasa sikiliza. Kwenye ile pembe ya kulia tachipedi imechoka. Inajiona imeguswa hata kama hakuna aliyeigusa, kama wale watu ambao wakipita sokoni wanadai wanatazamwa. Nimeulizia maduka manne, kifaa kipya hakuna, mashine za aina hiyo hazitengenezwi tena. Kipanya nacho hutaweza kuchomeka, matundu ya pembeni yalikufa zamani. Lakini usikunje uso. Kisichotengenezeka kinazungukwa. Tutamwambia dereva, "Ukisikia lolote kutoka pembe ile, jifanye kiziwi."

Fanya hivi, na utumie vitufe vya kibodi, usitegemee kidole. Kwanza, sahau wifi ya zamani ya dukani kwa kaka, maana mashine bado inaitafuta. Unganisha ya karakana. Pili, mtafute dereva wa tachipedi. Ni mzee yule, mwondoe, weka mpya. Tatu, fungua ukurasa wake wa kwanza. Utaona picha ya tachipedi. Weka kisanduku juu ya pembe ya kulia, uchague "Puuza".

Ukurasa wa pili usihangaike nao. Ni namba tupu.

Mpe Mama mkono. Kama ataung'ata, tujue ni meno.

Wifi yako wa mitamboni


4 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Tumekusoma kwa sauti, mimi na Mama, yeye akiwa amevua meno ili ayanyamazishe. Hajambo. Anasema umekonda, nikamwambia huwezi kuona unene wa mtu kwenye mwandiko, akasema herufi zako zimebanana.

Maagizo yako nimeyafuata yote, na ndiyo maana nimechelewa.

Dereva sikumtafuta mbali, alikuwa mlangoni, ndiye aliyeleta barua. Nikamsomea: "Ni mzee yule, mwondoe, weka mpya." Akauliza, "Hayo ameyasema wifi yako wa kiwandani?" Nikasema ndiyo. "Mwambie nina miaka arobaini na tisa." Nikaona nimeharibu, nikamweleza kwamba ni dereva wa tachipedi. Akafikiri, akasema aina hiyo hajawahi kuendesha, lakini kama ina gia atajaribu. Tukasimama pale tunatazamana, wote wawili watu wazima wenye akili. Mwishowe akaniambia, "Mama, nenda kaulize karakana, mimi nina madaftari ya kushusha."

Kumbe dereva ni programu iliyomo ndani. Mama alipoambiwa alisema, "Ndiyo maana inapata joto, kuna mtu mle."

Hilo dogo. Mashine iliniuliza, kwa maandishi manene: "Sahau wifi hii?" Nikabonyeza Hapana. Ikauliza tena. Hapana. Mama akavuta kiti.

"Inataka umsahau nani?"

"Wifi, Mama."

"Mwanangu mimi?"

Akaifunga kifuniko, paa, akaiwekea mto juu. Siku nne hatukuigusa. Wewe cheka, lakini mimi nilikuwa nimeshamzika mmoja, sikuwa tayari kumfuta wa pili kwa kubonyeza. Tena haina adabu, inakuita "hii" kama vile wewe ni meza. Siku ya tano msimamizi wa karakana, yule mwenye kalamu kwenye masikio yote mawili, akanieleza kwamba wifi hiyo ni mtandao wa hewani. Alinieleza akiwa amenipa mgongo, mabega yakimtikisika.

Basi nikakusahau, nikamwondoa mzee, nikaweka kisanduku pembeni. Wifi, mshale umetulia. Nimechora kola nane mfululizo, zote hazina masikio.

Uvivu tu ndio umebaki. Na mtihani ni wa saa mbili, shati zima. Kwa mwendo huu nitakuwa bado niko mkono wa kushoto wakati wenzangu wanakunywa chai. Hilo hukunijibu. Na huo ukurasa wa pili una nini?

Wifi yako asiyekusahau


20 Aprili

Wifi,

Nimecheka mpaka fundi mwenzangu akazima mashine ya kukunja, alidhani ni mkanda unaopiga kelele. Dereva wetu wa kweli nimemwomba radhi. Nimemwambia yeye ni kijana, tena barobaro. Amesema ataamini nikiandika na kugonga muhuri.

Nafurahi kuhusu kola.

Kuhusu uvivu, chini kabisa ya ule ukurasa wa kwanza kuna kitufe kinaitwa "Rudisha Vyote". Kibonyeze, zima, washa. Mashine itakuwa nyepesi kama mpya. Kisanduku cha pembeni utakiweka upya, unakijua. Usiulize sana, muda unakwenda. Bonyeza tu.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Wifi yako


6 Mei

Wifi,

Mama hajambo.

Sikubonyeza. Wewe ni mtu wa kuandika ukurasa mzima kunieleza namna ya kuchemsha maji. Safari hii umeandika "bonyeza tu". Nikafungua ukurasa wa pili.

Dereva mpya amerithi namba za yule mzee. Juu pameandikwa jina, na aliyeandika namjua, marehemu hakuwahi kuweka nukta maishani mwake: "Mkono wangu wa sasa". Chini yake: Puuza mtetemo, tisa kati ya kumi. Subiri kabla ya kutii, muda mrefu. Mguso mfupi usihesabiwe.

Nilikaa pale nikaanza kukumbuka. Mwaka ule wa mwisho alikuwa anataka chai nusu kikombe, akisema nusu inapoa upesi. Viatu vya kamba aliviacha. Vifungo vya shati alinipa mimi nimfunge, akasema nina vidole vizuri, na mimi nikaringa. Akafunga duka la saa, akaniambia watu siku hizi wanaangalia saa kwenye simu. Fundi saa kwa miaka ishirini na sita, na mimi nikamwamini. Tena nilimgombeza. Nilimwambia mwanamume mzima anashinda na kompyuta kama bata na dimbwi.

Najua moyo ndio uliomchukua, si mkono. Lakini mkono alikuwa nao mwaka mzima, na sikuujua.

Wewe ulijua?


22 Mei

Wifi yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu za Mama nazipokea, salamu za kwangu utazipokea ukitaka.

Nilijua. Alikuja huku kwa lori, ile safari aliyokwambia anafuata vipuri vya saa. Akakaa kwenye kiti changu cha magurudumu, akaweka laptopu mezani, akasema, "Dada, huyu mshale ananitangaza." Akaweka kidole, mshale ukawa unaruka kama nzi kwenye kioo. Nikaanza kulia. Akasema, "Ukilia nakwenda kwa fundi mwingine, tena asiye na makamasi."

Tukafanya kazi. Yeye anachora mstari, mimi napandisha namba. Mtetemo tatu, mstari unapindapinda. Tano, bado. Saba, anasema, "Huu ni kama mwandiko wa daktari, tunakaribia." Ilipofika tisa, kidole chake kilikuwa kinatetemeka vilevile, nimekitazama kwa macho yangu, lakini pale kwenye kioo mstari ukapita umenyooka kama umepigwa rula. Akaacha, akatazama mkono, akatazama kioo. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akazunguka na kile kiti mpaka akagonga kabati la karatasi. Tulichora mistari mchana mzima. Tulichora nyumba. Alinichora mimi, akaniwekea pembe.

Nilimwambia, mwambie mkeo. Akasema hapana. Akasema, "Akijua ataniwekea mto kila nikikaa. Ataninyanyulia kijiko. Hatanigombeza tena, atakuwa ananihurumia. Mimi nataka aendelee kunigombeza." Akaniapisha. Na mimi nikaapa, kwa sababu alikuwa ananicheka bado.

Nilitaka ubonyeze kile kitufe ili nisije nikaandika haya. Nilikosea. Alipokufa nilipaswa kuja kukwambia, na kila ulipopokea simu nililia kwanza.

Nigombeze. Usininyamazie tu.

Wifi yako


11 Juni

Wifi,

Dereva amerudi mikono mitupu mara mbili. Nimemuuliza kama ulikuwepo nyumbani, akasema ulikuwepo, ulimpa maji, ulimuuliza habari za gurudumu. Hukuuliza habari zangu. Mama amenitumia karatasi kwa mkono wake: "Anakula vizuri. Amekasirika vizuri." Hakuna zaidi.

Sitaki jibu. Nataka tu ujue siku ya 26 nitakuwa nimesimama karibu na mashine, nikikuombea, na hakuna atakayenisikia.


28 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Tumeamka salama wote. Mama amepoteza meno na kuyapata ndani ya kiatu chake, na amekataa kujadili. Nimekuandikia barua hii kabla ya kula, kwa hiyo uione kuwa ni ya upendo.

Nilikukasirikia siku kumi na saba. Nilihesabu. Siku ya kumi na nane nilikuwa namenya viazi, nikakumbuka ile habari ya bata na dimbwi. Nilipomwambia maneno yale aliniangalia akatabasamu kwa meno yote, na mimi nikazidi kuchukia, nikamwambia pia kwamba kompyuta haimpikii. Akatabasamu zaidi. Wifi, nikaacha kisu. Kumbe alikuwa anapata alichokitaka. Nilimgombeza vizuri sana, sikumpunguzia hata siku moja mpaka ya mwisho. Nilicheka hadi Mama akaja kuona viazi vina nini. Nikamwambia yote. Akasema, "Mwanangu alioa kweli." Na safari hii hakuyasingizia meno.

Basi nikarudi kwenye ukurasa wa pili, sasa kwa amani. Nikagundua, mwenyewe bila fundi, kwamba dereva anaweza kuweka mikono miwili. Ule wake nikauacha. Nikatengeneza mwingine, nikaupa namba zangu: mtetemo sifuri, kutii papo hapo. Kuhama huku na huku ni kitufe kimoja. Kwa mkono wangu mshale unakimbia kama mtoto aliyetumwa peremende. Nikafika kwenye shati zima kwa saa moja na nusu.

Halafu ikaja tarehe 26.

Tulikuwa wanne, meza nne. Msimamizi akasema anzeni. Mbele, mgongo, mifuko, nilikwenda vizuri. Mikono yote miwili nikamaliza. Ikafika kola, nikatazama saa ya ukutani, na sijui niliona nini pale, mkono ukaanza kunicheza. Si kidogo. Mstari wa kola ukatoka kama nyoka amepanda ngazi. Nikaufuta. Nikachora tena, nyoka yuleyule. Nikaukalia mkono, nikautoa, bado. Zilibaki dakika kumi na moja, na mwenzangu wa kulia alikuwa ameshaanza kufunga begi.

Nikabonyeza kile kitufe cha kuhama, nikaenda kwenye mkono wake.

Nikauweka mkono wangu hivyo hivyo unavyotetemeka, wala sikuuzuia. Mshale ukakaa, ukafikiri, kisha ukaondoka taratibu kutoka bega hadi bega, umenyooka, haugeuki kushoto wala kulia. Nilikuwa nauona mkono wangu unaruka, na mstari hauna habari. Nikaanza kucheka, wifi. Nilijaribu kuzuia, kicheko kikatoka puani. Msimamizi akaja akasimama nyuma yangu. Nikaendelea kuchora nacheka, nacheka natetemeka, na kadiri nilivyotetemeka ndivyo kola ilivyotoka nzuri. Nilimaliza ikiwa imebaki dakika moja.

Matokeo walitoa jioni ileile. Nimefaulu. Naanza Jumatatu, chumba cha michoro, meza ya dirishani.

Kwenye kila mchoro kuna mahali pa kuandika mchoraji, na mimi nilikuwa nimeandika majina mawili. Msimamizi akatoa kalamu sikioni, akaliwekea la pili duara.

"Huyu ni nani?"

"Ni mume wangu. Kola amechora yeye."

Akatazama meza yangu, akatazama mlangoni. "Sikumwona."

"Alikuja kunisindikiza tu."

"Naye anatafuta kazi?"

"Hapana," nikasema, "ameshastaafu."

Nadhani alianza kuelewa, maana ile kalamu aliirudisha sikioni bila kulikata jina. Akasema, "Ana mkono mtulivu sana."

Wifi, ningekuwa na wewe pale tungefukuzwa. Hebu fikiria. Mkono mtulivu. Nilitoka nje nikashika ukuta nikacheka mpaka mkataji akaniletea maji ya kunywa.

Wifi yako, mchoraji